Korosho Moja Pembeni mwa Jamvi

Mwaka ule mvua ilipogoma nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye mvi kidevuni, mke, watoto pacha, na pikipiki ambayo kikohozi chake kilijulikana kuanzia Masasi mpaka bonde la Ruvuma. Mchana nilibeba abiria, jioni nilibeba daftari. Darasa letu la jioni lilikuwa chumba cha kuazima nyuma ya soko la Masasi. Bati lake lilifyonza jua kutwa nzima, halafu likaanza kulitema vichwani mwetu saa ileile tuliyoketi. Nasema kweli tupu: ungeweza kuacha yai juu ya dawati ukaondoka na kifaranga.

Mwalimu wetu alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa kitinda mimba wa mama yangu. Alituamkia shikamoo mlangoni, watu wazima sisi tukaitikia marahaba kwa vifua vipana, kisha akatugawia sifuri zetu bila kupepesa macho.

Siku moja akaandika ubaoni neno wastani. Tukatabasamu, maana hilo tulilijua: jumlisha vyote, gawa kwa idadi, nenda nyumbani.

"Wastani unakuonyesha katikati," akasema. "Haukwambii watu wametawanyika kiasi gani. Chukueni bodaboda wawili wanaopanda Newala. Wote wawili, kwa wastani, hutumia saa moja na nusu. Mmoja hutumia saa moja na nusu kila siku. Mwingine leo saa moja, kesho saa mbili, anasukuma. Ukiwa na mgonjwa, utampa nani?"

Darasa zima likageuka kunitazama.

"Inategemea mgonjwa mwenyewe ana haraka ya kwenda wapi," akasema fundi baiskeli aliyeketi ubavuni mwangu, na tukacheka mpaka vumbi likadondoka kwenye kenchi.

Ule utawanyiko ndio aliouita mkengeuko sanifu, jina refu kama treni lakini ndani lina abiria mmoja tu: umbali wa kawaida wa watu kutoka katikati. Unachukua kila namba, unaona imepishana na wastani kwa kiasi gani, unazidisha tofauti hiyo kwa yenyewe ili hasi zisije zikafuta chanya, unatafuta wastani wa hayo yote, halafu unatoa kipeuo cha pili. Nilitoka jasho kwa hesabu ile kuliko siku niliyosukuma pikipiki yenye pancha tangu Chiungutwa. Mwalimu akachora mstari unaopanda taratibu, unavimba katikati, unashuka taratibu upande wa pili, akasema vitu vingi vya duniani, urefu wa watu, uzito wa watoto wanaozaliwa, vikipangwa huchora umbo hilo la kengele.

"Kengele ipi, mwalimu?" akauliza fundi. "Mimi shuleni kwetu kengele ilikuwa rimu ya lori."

"Ya kanisani."

"Basi sisi wa msikitini tumefeli."

Mwalimu akangoja tunyamaze. Akasema ndani ya hatua moja ya mkengeuko, kushoto na kulia kwa wastani, wanakaa watu karibu saba katika kila kumi. Ndani ya hatua mbili wanakaa karibu wote. Ukivuka hatua ya tatu, huko ni pori, humpati mtu hata ukitafuta kwa tochi. "Na ukimpata," akasema huku akifuta chaki mikononi, "usimpite. Simama uulize amefikaje huko."

Kazi ya nyumbani ikawa kwamba kila mtu achague kitu cha kawaida, akipime, atuletee kengele. Fundi akachagua urefu wa wateja wake. Mama mmoja wa safu ya mbele akachagua uzito wa kuku. Mimi nikachagua makopa.

Nilikuwa na sababu. Mahindi ya mwaka ule yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Kilichobaki mashambani ni muhogo, tena ule mchungu, ambao nguruwe pori hawautaki na jua haliuwezi. Kwetu muhogo huo humenywa, huanikwa mpaka uwe makopa meupe yanayolia yakivunjwa, hutwangwa, na unga wake ndio ugali. Walio bondeni huuloweka kwanza mtoni. Huku juu uwandani, ambako ndoo ya maji hupokewa kwa heshima kuliko mgeni, hatuuloweki. Mama zetu huuacha mzimamzima, wengine huuvundika kwanza chini ya majani mpaka uote ukungu, wakaukwangua, ndipo wauanike. Inachukua muda. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini inachukua muda, na mimi sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni mambo ya jua.

Basi kila mlango niliposhusha abiria, Lupaso, Chiungutwa, mpaka ukingoni mwa Newala ambako ardhi inakatika na bonde linaonekana chini kama dunia ya watu wengine, niliuliza swali moja: mama, makopa yako hukaa siku ngapi, toka kumenywa hadi kuingia kinuni?

"Baba Mapacha, mkeo amekukimbia?" wakaniuliza. "Umeanza kujipikia?"

Lakini walijibu. Nikirudi nyumbani nilitandaza jamvi, nikachora kwa mkaa vyumba vya siku kutoka kushoto kwenda kulia, na kwa kila nyumba iliyonijibu niliweka korosho moja ghafi katika chumba chake. Wiki mbili nilifanya hivyo. Mke wangu alikuwa akizunguka lile jamvi kama anayezunguka kaburi la mtu asiyemjua.

Mwanzoni zilikuwa korosho tu. Kisha, jioni moja, nikainuka kuchukua maji, nikageuka, nikaiona. Kengele. Imevimba katikati, imeshuka pande zote mbili, laini, kana kwamba mtu ameifinyanga. Nikasimama na kikombe mkononi. Wanawake wale hawajuani. Wa Lupaso hajawahi kufika Newala. Mmoja anasali Ijumaa, mwingine Jumapili, mmoja anamsema mumewe Kiyao, mwingine Kimakonde, na hakuna aliyewaita mkutanoni kuwapangia. Lakini walikuwa wamejipanga wenyewe, siku kumi na mbili katikati, mkengeuko siku mbili. Nilifurahi mno, nikamwita mke wangu aje aone. Akainama juu ya jamvi.

"Na hii?" akasema.

Mbali kushoto, katika chumba cha siku ya tano, palikuwa na korosho moja peke yake. Kati yake na wenzake pamebaki jamvi tupu.

"Huyo ni dada," nikasema. "Bingwa wa uwanda mzima."

Dada yangu mkubwa aliishi ukingoni mwa Newala. Msimu wa korosho uliotangulia, yeye na shemeji walikuwa wamevua nyasi nyumba yao na kuivika bati, jipya, linalong'aa kiasi kwamba, kwa maneno yangu mwenyewe ya siku zile, ndege za angani zilibadili njia. Tangu hapo alikuwa ameacha kuvundika. Aliukata muhogo vipande vyembamba kama chapati, akautupa juu ya bati linalochoma, na siku ya tano alikuwa anatwanga wakati majirani zake bado wanageuza makopa yao. Shemeji alikuwa ameshuka bondeni kulima karibu na mto, hivyo nyumba yote ilikuwa juu yake, na njaa ya watoto haingoji siku kumi na mbili. Siku nilipomuuliza swali langu alijibu kwa majivuno, akainuka kunionyesha kinu. Akashika mwimo wa mlango. Akasimama hapo kidogo.

"Magoti haya," akasema. "Siku hizi asubuhi yanagoma kama mvua."

"Umezidi kucheza ngoma," nikamwambia, tukacheka.

Darasani nilimwaga kengele yangu sakafuni, korosho zote, chumba kwa chumba. Watu wakakusanyika. Naweza kuapa hata mijusi ilishuka ukutani kutazama. Fundi akazunguka, akakuna kichwa, akanyoosha kidole kwenye ile ya peke yake.

"Itoe hiyo. Inakuharibia kengele."

"Haitoki. Huyo ni dada yangu mwenyewe, ana bati jipya. Wenzake wanatambaa, yeye anakimbia."

Mwalimu alikuwa amechuchumaa. Akaweka kidole katikati, kwenye kumi na mbili, akakisogeza kushoto. Kumi, hatua moja. Nane, hatua mbili. Sita, hatua tatu. Kidole kilikuwa bado hakijafika.

"Baba Mapacha," akasema polepole. "Hawa wote wa katikati ni wavivu?"

"Hapana, mwalimu."

"Wana shibe?"

"Mwaka huu? Nani ana shibe?"

"Basi wana njaa kama dada yako, na jua lao ni hilohilo. Wanangoja nini?"

Bati likalia juu yetu, lile tik la bati linapopoa. Nilikitazama kile kirundo cha korosho na kwa mara ya kwanza hakikuonekana kama kengele. Kilionekana kama watu waliosogea pamoja, bega kwa bega, kwa sababu kuna kitu upande wa kushoto.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mmoja wa Lupaso. Nilipokuwa mtoto alikuwa jirani yetu, alitembea kwa ncha za vidole, magoti yamegongana, na fimbo. Tulimwiga nyuma ya nyumba. Watu walisema amerogwa, wengine walisema aliamka tu asubuhi moja ya mwaka wa njaa akiwa hivyo. Hakuna aliyesema alikula nini. Nilipomkumbuka mama yule, nilikumbuka na mkono wa dada umeshika mwimo wa mlango.

Sikuzoa korosho zangu. Niliziacha sakafuni.

Asubuhi nikapanda Newala. Njiani nikasimama kwenye zahanati, nikamwamkia muuguzi, mama wa makamo, nikamweleza. Alikuwa akiandika huku akinisikiliza. Nikataja siku tano, vipande vyembamba, bati. Akaendelea kuandika.

"Anakula na nini?"

"Majani. Samaki wamepotea sokoni, maharage ndiyo usiseme."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua igome."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia muhogo ule una sumu, na sumu hiyo inahitaji muda kutoka. Jua kali likiukausha haraka, linaifungia ndani. Mtu akila hivyo siku baada ya siku bila samaki wala maharage ya kumkinga, inaingia kwenye miguu. "Na ikiingia, baba, haitoki. Mlete leo. Na unga ule msiule hivyohivyo. Uloweshwe kwa maji, utandazwe mwembamba juani kama saa mbili, upikwe siku hiyohiyo. Umesikia? Mlete leo."

Nilimkuta dada uani, ameketi karibu na kinu, mapaja yamefunikwa kwa kanga, unga mweupe mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona unakuja na uso wa kufiwa? Mapacha hawajambo?"

"Hawajambo. Dada, makopa haya hayajaiva."

Alinitazama kama nimetukana. Akaokota kipande, akakivunja sikioni mwangu. Kah. "Hilo ni nini? Bichi?"

"Yamekauka. Lakini sumu bado imo. Kukauka ni kitu kingine."

"Nani amekwambia?"

"Muuguzi. Na korosho."

"Korosho zimeanza kusema." Akawageukia kuku. "Mnasikia? Mjomba wenu amesoma jioni mpaka anaongea na korosho."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, ana ulimi yule mwanamke. Nilipomaliza kucheka nikachora kengele vumbini kwa kijiti. Nikamwonyesha kirundo. Nikamwonyesha nafasi tupu. Nikamwonyesha alipo.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Niko peke yangu."

"Uko peke yako."

Akalifuta vumbi lile kwa kiganja. "Debe hilo unaloliona ndilo chakula cha nyumba hii," akasema, sauti imeshuka. "Nikilimwaga, watoto wale kengele?"

Nikamweleza habari ya kulowesha unga. Akauliza maji yako wapi. Nikamwambia nitayatafuta mimi, na kwa siku ile nilihangaika Newala nzima na madumu mgongoni mwa pikipiki, nikapanga foleni ndefu inayoweza kufika Dar es Salaam, nikarudi jua limeinama. Zahanati ilikuwa imefungwa. Tukakubaliana kwenda asubuhi. Alisema mwenyewe, kwa utani, kwamba miguu iliyombeba miaka yote haiwezi kushindwa kumngoja hadi kesho. Tulilowesha unga, tukautandaza juu ya jamvi mwanga wa mwisho ukiwa bado una joto, lakini haukutosha, jua likatuacha. Hatukuupika. Watoto walilala na uji mwembamba wa unga wa mahindi nilioununua dukani, na dada hakula kitu, akasema ameshiba maneno yangu.

Nililala sebuleni. Ninaufahamu mwendo wa dada tangu nimezaliwa. Kandambili zake hupiga kisigino, pa, pa, pa, unaweza kujua ana hasira au ana habari. Alfajiri nilisikia kitasa cha chumba chake. Nikasubiri pa, pa, pa. Nikasikia kitu kinakwaruza saruji. Kikanyamaza. Kikakwaruza tena.

"Mdogo wangu," akaita, si kwa sauti kubwa. "Njoo uone korosho yako."

Alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili. Visigino vyake havikugusa chini. Alikuwa akivisukuma vishuke na havikushuka, mapaja yanatetemeka, na usoni bado alikuwa na kile kicheko cha jana kama mtu aliyesahau kukivua.

Nilimfunga mgongoni mwangu kwa kanga mbili ili asianguke, nikaendesha. Mwalimu aliuliza utampa mgonjwa nani. Hata leo siwezi kusema kama safari ile ilichukua dakika chache au asubuhi nzima, na mimi ni mtu wa kupima.

Miguu haikurudi. Muuguzi alitwambia mapema, bila kuzungukazunguka, kwamba kilichopotea kimepotea. Kula vizuri kutazuia kisizidi. Watoto wake walikuwa salama, na nyumba ile tangu siku hiyo haikula unga usioloweshwa. Shemeji akapanda kutoka bondeni na samaki wakavu na machozi. Dada anatembea kwa ncha za vidole na fimbo ya mti wa mkorosho aliyoichonga mwenyewe, magoti yanasuguana, na watoto wa jirani, najua, humwiga nyuma ya nyumba.

Mimi nikafaulu. Cheti kiko ukutani, na kwa mujibu wangu ndicho cheti kilichowahi kutazamwa kuliko vyote wilayani. Mvua ikarudi, mikorosho ikazaa vizuri msimu mmoja, kisha msimu mwingine. Ukipanda leo barabara ya Newala saa sita mchana utafumba macho. Bati kila mahali. Nyasi zimekwisha kabisa, na watu wana haki ya kufurahi. Mimi mwenyewe nimeezeka.

Halafu mwaka jana mvua ikagoma tena.

Nilitandaza jamvi. Sikuambiwa na mwalimu, alishahamishwa. Nilitaka tu kuona. Nikauliza milango ileile, swali lilelile, na wakaniuliza tena kama mke wangu amenikimbia. Wale walionisikiliza habari za dada waliniambia siku kumi na mbili, kumi na tatu. Lakini ni wachache wanaoweza kumsikiliza bodaboda akieleza sumu huku injini inaunguruma. Nikapanga korosho moja moja. Ilipokamilika, nikainuka, nikageuka kuitazama kama nilivyofanya mara ya kwanza.

Kengele ilikuwa nzuri kuliko ile ya zamani. Imevimba katikati, imeshuka pande zote mbili, laini. Mkengeuko siku mbili zilezile. Wastani siku nane. Kirundo kizima kilikuwa kimehama kushoto, na hapakuwa na korosho iliyobaki peke yake. Kwenye ile siku ya tano palikuwa na nyingi.

Nilikwenda kumwambia dada, maana sikujua nimwambie nani mwingine kwanza. Zahanati ningeipitia nikiteremka. Alikuwa ameketi uani, fimbo imelala mapajani, anachambua mchicha. Nikamchorea vumbini kama siku ile. Nikamwonyesha katikati mpya. Nikamwonyesha alipokuwa yeye.

Alihesabu kwa kidole, polepole, hatua moja, na nusu.

"Kwa hiyo sasa," akasema, "mimi ni mtu wa kawaida."

Sikucheka. Yeye ndiye aliyecheka, kidogo, akarudi kwenye mchicha wake.

Kesho yake nilianza safari mapema kuliko kawaida yangu. Nikifika kwenye nyumba yenye bati jipya na vipande vyembamba vyeupe juu yake, nazima pikipiki mbali kidogo na uwanja. Wanawake wamenizoea, wanatoka na ndoo, wananiona nimekaa kimya juu ya kiti.

"Baba Mapacha, unasikiliza nini asubuhi yote hii?"

Huwa nawaambia nasikiliza injini. Kisha aliyeuliza anageuka kuingia ndani, nami nasubiri kusikia kandambili zake.